Kuwatunza Mashahidi: Historia Fupi ya Marejeo katika Kanisa, na Mwanzo wa Kutumia Programu za Kuyahifadhi

Utangulizi

Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo tunamwona Mtume Paulo akiwa kifungoni, akijua kwamba safari yake inakaribia mwisho. Mambo anayoagiza aletewe ni machache: joho lake aliloliacha kwa Karpo kule Troa, vitabu vyake, na hasa vile vya ngozi (2 Tim. 4:13). Wafafanuzi wamejadiliana sana ni maandishi gani yaliyokuwamo katika ngozi hizo. Kwa kusudi la makala hii yatosha kuona kwamba mtu aliyekuwa akiingojea hukumu aliona haja ya kuwa na maandishi yake karibu naye.

Wanafunzi wetu wa theolojia, na wachungaji wengi wanaoendelea na masomo, siku hizi hutuuliza namna ya kuanza kutumia programu za kompyuta zinazohifadhi marejeo: orodha ya vitabu, makala, nyaraka na mahojiano ambayo mwandishi ameyatumia. Swali hilo ni halali, nasi tutalijibu. Hata hivyo tumeona ya kuwa anayeanza na programu bila kujua kazi inayokusudiwa huishia kuwa na sanduku lililojaa vitu asivyovijua. Kwa hiyo tutaanza na historia. Tutaonyesha kwamba kazi ya kutunza marejeo ni ya zamani katika Kanisa, kwamba mara nyingi ilifanywa na watu waliokuwa katika hatari ya kupoteza kumbukumbu zao, na kwamba makosa yao yanatufundisha sawasawa na mafanikio yao.

Mwanzo: waandishi wa Biblia na Eusebio wa Kaisaria

Desturi ya kumtaja aliyetangulia kusema haikuletwa na vyuo vikuu vya Ulaya. Mwandishi wa Vitabu vya Wafalme humwelekeza msomaji wake mara nyingi kwenye kitabu cha tarehe cha wafalme wa Israeli, na kile cha wafalme wa Yuda (1 Fal. 14:19, 29). Vitabu hivyo vimepotea. Tunajua kwamba viliwahi kuwapo kwa sababu mwandishi hakuona haya kusema alichota wapi. Naye Luka, katika mistari minne ya kwanza ya Injili yake, anakiri kwamba wengine walitangulia kuandika, kwamba habari zilipokewa kwa watu walioshuhudia kwa macho, na kwamba yeye mwenyewe amejitafutia kwa usahihi. Msingi wa kazi yetu umo katika mambo hayo matatu: kuwakiri waliotangulia, kuwataja mashahidi, na kuhakiki.

Mwanzoni mwa karne ya nne Eusebio wa Kaisaria aliandika Historia ya Kanisa kwa njia ambayo wanahistoria wengi wa kale hawakuifuata. Wao walipenda kutunga hotuba na kuzitia vinywani mwa watu wakubwa. Eusebio alinakili maneno ya vyanzo vyake, akataja mwandishi na mara nyingi hata kitabu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya maktaba ya Kaisaria iliyokuzwa na mwalimu wake Pamfilo, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 310. Tunayoyajua leo juu ya maandiko ya Papia wa Hierapoli yametufikia kwa sababu Ireneo, Eusebio na wengine walimnukuu kwa jina. Vitabu vyake havipo tena. Kama wangaliyachukua maneno yake wakayafanya yao, Papia angalikufa mara mbili.

Beda na herufi za pambizoni

Shahidi wetu wa pili ni Beda, mtawa wa Jarrow kaskazini mwa Uingereza, aliyefariki mwaka 735. Alipoandika ufafanuzi wa Injili ya Luka alitumia sana maandiko ya mababa wanne: Ambrosi, Agostino, Yeronimo na Gregori. Beda aliogopa kuhesabiwa kuwa mwizi wa maneno ya wakubwa wake. Basi akaweka herufi chache pambizoni, za kwanza za jina la kila mmoja, kuonyesha maneno ya baba huyo yanapoanzia na yanapoishia. Kisha akawasihi watakaokinakili kitabu chake wasiziache herufi hizo.

Wanakili wengi waliziacha. Kwao zilikuwa alama ndogo zinazochelewesha kazi, na kwa karne nyingi wasomaji hawakujua kwamba zimewahi kuwapo, mpaka wasomi walipozikuta zimesalia katika baadhi ya miswada. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi anayesema kwamba ataongeza tanbihi baadaye. Alama isiyowekwa pamoja na maneno yenyewe, saa ile ile ya kunakili, ni vigumu sana kurudishwa.

Sisi wenyewe tulijifunza hilo kwa aibu. Tulipokuwa tukiandika tasnifu yetu tulinakili aya nzima za vitabu katika madaftari, bila alama za kunukuu, tukitumaini kwamba tutakumbuka ni za nani. Baada ya miezi kadhaa tulizisoma tukazidhani ni mawazo yetu. Msimamizi wetu alizigundua kwa neno moja tu, neno ambalo, alisema, hakupata kulisikia kinywani mwetu kabla ya siku ile. Hatukukusudia kuiba, lakini tulikuwa tumeiba. Ilitubidi kurudi maktaba kwa majuma mengi kutafuta wenye mali, na aya mbili hatukuwapata wenyewe, tukazifuta.

Katika historia yake ya Kanisa la Waingereza, aliyoimaliza mwaka 731, Beda alifanya jambo lingine linalotuhusu sana. Katika utangulizi aliwataja waliompa habari. Alimtaja Abati Albino wa Canterbury, na Nothelm, padre wa London, aliyesafiri hadi Roma na kupekua nyaraka kwa ruhusa ya Papa Gregori wa Pili. Kwa habari za majimbo mengine aliwataja maaskofu, watawa na nyumba za kitawa zilizomletea taarifa. Habari nyingine zilikuwa za maandishi, nyingine za mapokeo ya wazee. Beda hakuona kwamba habari iliyotoka kinywani haistahili kutajwa chanzo chake.

Matthias Flacius na Karne za Magdeburg

Sasa twaja kwa Walutheri. Matthias Flacius alizaliwa mwaka 1520 huko Labin katika Istria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Mjomba wake, mtawa Baldo Lupetino, alimshauri aende Ujerumani. Mjomba huyo alitiwa gerezani Venice kwa sababu ya imani yake, na mwaka 1556 akauawa kwa kuzamishwa majini. Flacius alifika Wittenberg mwaka 1541 na mwaka 1544 akawa mwalimu wa Kiebrania. Baada ya Luther kufariki mwaka 1546 na majeshi ya Kiprotestanti kushindwa vitani mwaka 1547, Kaisari alitaka Waprotestanti wakubali mapatano yaliyorudisha desturi nyingi za zamani. Flacius alikataa. Mwaka 1549 aliacha kazi yake Wittenberg na kukimbilia Magdeburg, mji uliozingirwa na majeshi mwaka 1550 hadi 1551.

Katika hali hiyo ndipo alipoona haja ya kutafuta mashahidi. Swali lililowasumbua Walutheri lilikuwa hili: Kanisa lenu lilikuwa wapi kabla ya Luther? Flacius alijibu mwaka 1556 kwa kitabu kilichoorodhesha mashahidi wa kweli waliosimama katika kila zama kabla ya Matengenezo. Kisha ikafuata kazi kubwa zaidi, historia ya Kanisa iliyojulikana kama Karne za Magdeburg, iliyochapishwa Basel kati ya mwaka 1559 na 1574 katika majuzuu 13, kila juzuu karne moja. Wenzake wakubwa katika uandishi walikuwa Johannes Wigand na Matthaeus Judex.

Namna walivyoifanya kazi hiyo ndiyo inayotuhusu hasa. Kwanza zilikusanywa fedha na vitabu. Marcus Wagner alizunguka katika maktaba nyingi akitafuta miswada. Caspar von Nidbruck, mshauri katika jumba la kifalme kule Vienna, alisaidia kwa barua na kwa vitabu mpaka alipofariki mwaka 1557. Kisha kazi iligawanywa. Wanafunzi walisoma vyanzo na kunakili vipande. Wasomi waliopevuka zaidi walivipanga vipande hivyo na kuvitungia maelezo. Juu yao walikuwapo wakaguzi waliopitia yote. Kila karne iligawanywa katika vichwa 16 vile vile: mafundisho, uzushi, ibada, uongozi, mitaguso, maisha ya maaskofu, wafia imani, na kadhalika. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua habari za Ubatizo katika karne ya tatu alijua pa kutazama, na aliyetaka kulinganisha na karne ya tano alitazama mahali pale pale.

Je, kazi hiyo ilileta matunda gani? Tutaje moja. Kwa miaka mingi Kanisa la Magharibi lilitumia mkusanyo wa barua zilizodaiwa kuandikwa na maaskofu wa kwanza wa Roma. Waandishi wa Magdeburg walionyesha kwamba barua hizo haziwezi kuwa za wakati huo. Mwaka 1628 David Blondel, mchungaji wa Kireformati wa Ufaransa, aliimaliza hoja hiyo kwa kufuatilia vyanzo ambavyo mghushi alichota maneno yake. Barua zilizodaiwa kuwa za karne za kwanza zilikuwa zikinukuu Biblia kwa tafsiri ya Kilatini ya Yeronimo, ambaye wakati huo alikuwa hajazaliwa. Leo wasomi wa pande zote, Wakatoliki na Waprotestanti, wanakubali kwamba ziliandikwa katika karne ya tisa. Uongo uliodumu zaidi ya miaka 600 ulianguka kwa kuuliza swali dogo: Maneno haya yametoka wapi?

Lakini haki yatudai tuseme pia makosa yao. Waandishi hao hao walikipokea kisa cha papa mwanamke aitwaye Yohana, kwa sababu kiliwafaa katika vita yao dhidi ya Roma. Aliyekikanusha kwa uthibitisho, mwaka 1647, ni yule yule Blondel, Mprotestanti kama wao. Tena wapinzani wa Flacius walimshtaki kwamba alikuwa akikata kurasa za miswada ya watu na kwenda nazo, hata pakawa na msemo juu ya kisu cha Flacius. Wasomi wa baadaye wamebishana juu ya uzito wa shitaka hilo. Mkusanyiko wake wa vitabu ulinunuliwa mwaka 1597 na mtawala wa Wolfenbüttel, na mpaka leo umo katika maktaba ya mji huo. Kwa hiyo tunaona mambo mawili. Vichwa 16 vilivyopangwa vizuri havikuweza kuwazuia watu wema wasipokee jambo la uongo walilolipenda. Na bidii ya kukusanya haimpi mtu ruhusa ya kuchukua kisicho chake.

Kutoka vipande vya karatasi hadi kadi

Wakati wa Flacius, vitabu vilikuwa vimeanza kuwa vingi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Conrad Gessner wa Zürich alichapisha mwaka 1545 orodha kubwa ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mwaka 1548, katika kitabu kilichofuata, alieleza njia yake: andika upande mmoja tu wa karatasi, kata kila habari kwa mkasi, panga vipande kwa vichwa, na ukiisha kuridhika na mpango, vigandishe. Faida ya njia hii ilikuwa kwamba habari moja iliweza kuhamishwa bila kuandikwa upya. Daftari halina uwezo huo.

Kutoka vipande vya Gessner hadi kadi za maktaba ni mwendo mrefu, lakini wazo ni lile lile. Mwaka 1895 Paul Otlet na Henri La Fontaine, wanasheria wa Ubelgiji, walianzisha mjini Brussels taasisi iliyokusudia kuorodhesha kila kitabu na makala duniani, kila kimoja katika kadi yake. La Fontaine alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913. Waliamini kwamba mataifa yanayojua maandishi ya wenzao yatapungukiwa na sababu za kupigana. Kadi zilizidi milioni 10, na vita viwili vya dunia vikaja hata hivyo. Maarifa yaliyopangwa hayabadilishi mioyo. Hilo Walutheri hatuna budi kulisema bila kusita.

Wachungaji wengi waliotutangulia walikuwa na sanduku la kadi, wengine sanduku la viatu. Aliyekuwa na kadi alijua shida zake: mchwa, mvua, na kadi moja isiyoweza kukaa chini ya vichwa viwili mpaka iandikwe mara mbili.

Kuja kwa programu

Kompyuta ilipoingia katika kazi ya uandishi, wanahisabati na wanasayansi walitangulia. Mwaka 1985 Oren Patashnik alitengeneza BibTeX, programu iliyotenganisha habari za kitabu na namna ya kuzichapisha. Mwandishi aliandika jina, anwani na mwaka mara moja tu, nayo programu ikazipanga kwa mtindo uliotakiwa na mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikafuata EndNote, iliyouzwa kibiashara. Mwaka 2008 ilitokea Mendeley, ambayo mwaka 2013 ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier.

Kati ya hizo ilizaliwa Zotero, mwezi wa Oktoba 2006, katika kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Tunaitaja kwa urefu kidogo kwa sababu ilitengenezwa na wanahistoria, watu wanaotumia barua, miswada na mahojiano kama sisi, na kwa sababu haiuzwi. Jina lake limetoka katika neno la Kialbania lenye maana ya kulimudu jambo. Mwaka 2008 kampuni iliyokuwa ikimiliki EndNote ilikishtaki chuo hicho, ikidai haki juu ya mafaili ya mitindo ya marejeo. Shauri hilo lilifutwa mwaka 2009. Kisa hiki kinatukumbusha kuuliza, kabla hatujaweka kazi ya miaka 10 katika programu yoyote: Je, siku nikitaka kuondoka, nitaruhusiwa kwenda na mali yangu? Programu nzuri hukubali kutoa marejeo yote katika faili ambayo programu nyingine yaweza kuisoma.

Namna ya kuanza

Baada ya kuyatazama hayo, tunaweza kumshauri anayeanza. Ushauri huu tumeutoa katika mazoea ya kutumia Zotero, lakini sehemu kubwa yake yafaa kwa programu yoyote.

Kwanza, aanze na kazi moja ndogo, mathalani insha ya muhula au hotuba ya semina ya jimbo, wala asijaribu kuingiza maktaba nzima kwa siku moja. Aweke programu katika kompyuta, kisha kiungo chake katika kivinjari cha intaneti. Intaneti yahitajika wakati wa kuchota habari za vitabu. Baada ya hapo marejeo yamo ndani ya kompyuta yake, naye aweza kufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao.

Pili, ajue kwamba namba ya kimataifa ya kitabu, ISBN, iliwekwa kuwa kanuni mwaka 1970. Kitabu chenye namba hiyo mara nyingi huingizwa kwa kuandika namba peke yake. Lakini vitabu vingi tunavyovihitaji sisi, kama vile vitabu vya nyimbo vya zamani, taarifa za wamisionari, tasnifu zisizochapishwa na kumbukumbu za mikutano ya sinodi, havina namba. Hivyo lazima viandikwe kwa mkono. Na hata kilichoingia chenyewe kikaguliwe mbele ya ukurasa wa jina wa kitabu, kwa maana makosa ya mworodheshaji wa mbali huingia pamoja nacho.

Tatu, aangalie majina. Programu huuliza jina la kwanza na jina la ukoo. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na vitabu vyake viwili vyaweza kulitaja jina hilo kwa namna mbili. Achague namna moja na kuishika, la sivyo mwandishi mmoja atatokea katika orodha kama watu wawili. Taasisi iandikwe katika nafasi moja isiyogawanywa. Tumewahi kuona katika rasimu Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania limegeuzwa kuwa bwana mmoja aitwaye Tanzania, K., kwa sababu mwanafunzi aliligawa jina kama la mtu.

Nne, katika kila kitabu cha Kiswahili ajaze nafasi ya lugha. Akiiacha tupu, mitindo kadhaa itadhani anwani ni ya Kiingereza na kuipa kila neno herufi kubwa.

Tano, maneno yaliyonakiliwa yawekwe katika alama za kunukuu saa ile ile, pamoja na namba ya ukurasa. Maneno yake mwenyewe yawe mahali pengine katika maandishi hayo hayo. Hapo ndipo herufi za Beda zinapohitajika. Programu hutunza kila tunachoiandikia, lakini haiwezi kujua maneno ni ya nani tusipoiambia.

Sita, apange marejeo katika makundi machache. Tofauti na kadi, rejeo moja laweza kukaa katika makundi mengi bila kunakiliwa, na kuliondoa katika kundi moja si kulifuta. Kisha aunganishe programu na ile anayoandikia kazi yake, achague mtindo unaotakiwa na chuo, na kuanzia hapo asiandike tanbihi kwa mkono.

Saba, aweke nakala. Zotero hutoa bure nafasi ya megabaiti 300 ya kuhifadhi mafaili katika mtandao wake, nafasi ambayo hujaa upesi kwa mwenye mafaili mengi ya vitabu. Kwa hiyo folda yote ya programu inakiliwe kila juma katika diski nyingine, na diski hiyo isikae katika mfuko mmoja na kompyuta.

Mashahidi wasio na kitabu

Liko jambo moja ambalo tungependa lisisahauliwe. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, Mlutheri kutoka Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alizikataa. Cooley alikuwa na vitabu vingi na marejeo mengi, wala hakuwa amefika. Theluji ilithibitishwa na safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba wingi wa marejeo haumshindi shahidi aliyeona. La pili ni kwamba sisi leo tunalijua jina la Bwana Kheri kwa sababu Rebmann aliliandika. Ni wangapi waliotembea na wamisionari, wakawafundisha lugha, wakawatafsiria Maandiko, na katika taarifa zilizopelekwa Ulaya wakaitwa mtumishi, msaidizi au kijana mmoja? Hatuwezi kuwaita tena kwa majina.

Nasi tusiwalaumu wamisionari peke yao. Tumesimamia tasnifu ambazo ndani yake habari nzito ya mwanzo wa usharika imetegemezwa juu ya maneno haya tu: mzee mmoja wa usharika. Mara moja tulimwuliza mwandishi ni mzee gani, lini na wapi. Alikuwa amekwisha kusahau jina, na waliobaki kijijini walituambia kwamba wazee watatu waliofaa kuulizwa walikuwa wamezikwa katika mwaka mmoja. Programu inayo nafasi maalumu kwa ajili ya mahojiano: jina la aliyehojiwa, jina la aliyehoji na tarehe. Mzee aombwe ruhusa kwanza, na akipenda jina lake lisitajwe, heshima hiyo apewe na iandikwe. Lakini kumwacha bila jina kwa sababu ya uvivu wetu, huku mwandishi wa Tübingen akipewa tanbihi kamili, ni kuwapa mashahidi wa Bwana viti vya mbele na vya nyuma kwa kufuata ngozi na karatasi zao.

Hitimisho

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kumekuwa na programu za akili bandia zinazoandika insha nzima pamoja na marejeo yake, na baadhi ya marejeo hayo ni ya vitabu visivyopata kuandikwa. Mwaka 2023 mahakama moja mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Mghushi wa karne ya tisa alihitaji miaka na maktaba. Wa leo anahitaji dakika chache. Rejeo la namna hiyo huingia katika programu ya kutunza marejeo bila kuzuiwa, likapangwa vizuri, likapigwa chapa kwa mtindo sahihi. Linaloweza kulizuia ni mtu aliyekishika kitabu mkononi na kuufungua ukurasa.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alituelekeza kuzisoma amri za Mungu kama kinga ya jirani. Amri ya saba yailinda mali yake, na ya nane jina lake. Mwandishi tunayemtumia ni jirani yetu, hata kama amekufa miaka 1,000 iliyopita, na mwenye habari kijijini ni jirani yetu vile vile. Kwa sababu hiyo tunamshauri mwanafunzi anayeanza kutumia programu hizi aingize marejeo mawili kabla ya mengine yote: kitabu kimoja anachokisoma sasa, akikikagua neno kwa neno mbele ya ukurasa wake wa jina, na mzee mmoja wa usharika wake wa nyumbani, kwa jina lake kamili, tarehe na mahali. Kama mzee huyo hajahojiwa bado, aandike jina lake leo na kupanga siku ya kumwendea, likizo hii, kabla ya mvua.